Gari Nyeupe ya Aloys

Miaka ile ya vita, watu wa mtaa wa Buyenzi walikuwa wakiamka wanaulizana nani amelala kwake na nani hajarudi. Lakini kahawa ya Mwanne, pale pembeni ya garage, haikukosa watu. Asubuhi ile Khaled, mpiga foto, alikaa kwenye ncha ya benchi, bahasha ya labo ya foto juu ya mapaja, kikombe kinapoa mkononi. Wiki iliyopita Aloys, dereva wa taxi, alipeleka mteja mtaa wa Kamenge. Gari ilikutwa barabarani, tupu, wakaikokota na kamba mpaka nyumbani. Aloys mwenyewe hakuonekana. Foto zake za zamani ziliungua na nyumba yao ya kwanza. Ilibaki moja tu, ile Khaled alimupiga siku alinunua gari, filme ikakaa ndani ya aparei ya foto ikingoja kuisha. Na Léoncie, bibi yake Aloys, mama wa mtoto wao Orlane, alikuwa njiani kuja kuichukua, azunguke nayo hospitali na bariyeri zote za askari akiuliza kama kuna aliyeiona sura ile.

— Toa basi tuone, alisema Massoudi. Walimuita Ministre, yaani waziri, kwa sababu ya redio yake. Hakuna habari ilifika Buyenzi bila kupita kwake.

Khaled akatoa. Wote wakainama.

Gari ilikuwa safi, nyeupe, boloti za janti za magurudumu unaziona moja moja, namba za plake unazisoma. Pembeni mutu amesimama na kofia yake, mkono juu ya kapo, kile kifuniko cha injini. Kichwa cheusi titi, kama sufuria ya kuni. Macho hakuna, mdomo hakuna.

— Yarabi, alisema Mwanne, akaweka birika chini.

— Ni Aloys huyu? aliuliza Ministre.

— Shati ni yake, alisema Mwanne.

— Shati ndiyo. Na sura?

Tajudini, fundi wa garage, yule wanamuita Boloti, akamugeukia Khaled.

— We ulikuwa unapiga gari ao mutu?

— Ilikuwa saa sita ya mchana, kaka. Na nyinyi mulikuwa mumeipakaa mafuta ile gari.

— Gari mupya si lazima ing'ae? Unaosha, unapakaa mafuta, unangoja jua lisimame kichwani, ndiyo unapiga. Hapa tunafanya hivyo tangu zamani.

— Haya. Mi nikapima mwanga kwenye mulango wa gari. Sindano ya aparei ikaruka mpaka mwisho. Nikasema nikiacha hivi, gari itatoka kama maziwa imemwagika. Nikafunga mwanga, uingie kidogo tu.

— Ukamufungia Aloys ndani.

— Apana, si Khaled, alisema Ministre. Ile filme ilipita bariyeri ikienda labo. Askari wameimulika na tochi.

— Tochi inafanya mutu mweusi?

— Ya jeshi, ndiyo.

— Wacha uongo, alisema Boloti. Ni rangi. Nyeupe inakunywa mwanga wa watu wenye kuwa karibu. Mi nikishinda napaka gari nyeupe, jioni bibi yangu hanijui.

— We hata mama yako alikuzaa akaomba taa, alisema Ministre.

Wakacheka kidogo, na kicheko kikakatika. Ministre akainama karibu, sauti chini.

— Sikilizeni. Aparei inajua mbele. Mutu mwenye atakufa, inakataa kumuchukua.

Mwanne akamunyang'anya kikombe, kahawa na yote.

— Hapa hakuna mutu amesema amekufa. We Massoudi, kaseme bei ya samaki ndagala.

— Mi nilikuwa tu nasema...

— Ndiyo nimesikia.

Boloti akamugusa Khaled bega.

— Rudi labo, waongeze mwanga, sura itatoka.

Khaled akavuta negatifu kwenye bahasha, ile filme inageuza nyeupe kuwa nyeusi, akainua juani. Pale gari palikuwa peusi kama makaa. Pale uso palikuwa peupe kabisa, kama kioo cha dirisha. Alikuwa ameshaangalia tangu jana, mara nyingi, akifikiri macho yake yamechoka.

— Uso haukuingia, alisema. Labo itatoa wapi kitu hakikuingia? Ningepima kwenye uso wake. Ningemuambia avue kofia, ageukie jua. Gari ingeungua na mwanga kidogo. Basi, iungue.

— Kwa nini haukufanya?

— Aliniambia mwenyewe. Khaled, mi wacha, angalia gari.

Ndipo Léoncie akafika. Tangu zamani alikuwa akipita tu pale, anasalimia na kuendelea. Wote wakasimama.

— Karibu, Mama Orlane.

— Asante, kaka zangu. Imetoka?

Khaled akampa kwa mikono miwili. Léoncie akaangalia. Akachukua ncha ya kitenge, akapangusa foto, akifikiri ni vumbi. Akapangusa tena, polepole, pale pa kichwa.

— Gari naiona, alisema. Gari iko nyumbani.

Mwanne akamushika mkono. Yeye hakugeuka, alikuwa anamuangalia Khaled tu.

— Bwana Khaled, wakiniuliza anafanana namna gani, niwaonyeshe nini?

Ministre akaangalia viatu vyake. Boloti akaangalia Khaled. Khaled akarudisha negatifu ndani ya bahasha.