Bwana Gharib na Mkongojo wa Marehemu Muhdhar

Tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Gharib bin Madi, seremala wa hospitali yetu hapa Amu, atarudisha ufunguo wa karakana na kwenda kwao Matondoni. Ametumika miaka ishirini na sita, na nusu yake ameimaliza kutugombeza sisi madresa, wafunga vidonda, kwa kukomelea milango kwa mikongojo yake.

Alikuja akiwa fundi wa kuunda vyombo vya bahari. Mguu wa kwanza wa mbao aliotuchongea aliutia kalafati ya kuzibia nyufa za jahazi na mafuta ya papa, na mwenye mguu akanuka mpaka Idi. Lakini miguu aliijua. Mwenye matende, aliyepooza, aliyevunjika nyonga, kila mmoja alimkatia mti wake. Alisema mtu akishauegemea mkongojo, hutembea mwendo wa mkongojo, si wake tena.

Marehemu Muhdhar wa mtaa wa Mkomani alivunjika nyonga alipoanguka mnazini. Alipofariki, mkongojo wake ulirudi ghalani kama ilivyo desturi, na Bwana Gharib akampa Yunusi, mvuvi aliyevunjika mguu. Haukupita muda, akaja Kulthum, dada wa mjane, macho mekundu. Mjane huyo, Bi Radhiya, alikuwa ndani ya eda, hatoki, na kila alasiri alimsikia mumewe akipita chini ya dirisha: gongo, kisigino, kisha mguu unaoburutwa. Alikuwa ameanza kumwekea kahawa.

Bwana Gharib alicheka, kwani alijua apitaye ni Yunusi. Alimchongea Yunusi mkongojo mwingine, akatutambia kwamba amefukuza jini kwa randa. Siku chache baadaye Kulthum alirudi. Ndia ya chini ya dirisha ilikuwa kimya, na dada yake hali chakula. Bi Radhiya alisema amefiwa mara ya pili. Hapo Bwana Gharib hakucheka tena. Aliutoa ule mkongojo ghalani, na kila alasiri akawa anapita mwenyewe chini ya dirisha, akiburuta mguu mzima. Bi Radhiya akaanza kula.

Eda ilipokwisha, Bi Radhiya alikuja hospitalini na bakuli la halua. Kumbe alikwisha kumtambua Bwana Gharib kwa kikohozi chake cha tumbaku. Alimshukuru kwa kupita kila siku bila kukosa, ila aliuliza kwa nini wiki ile ya mvua hakukohoa hata mara moja.

Wiki ile ya mvua Bwana Gharib alikuwa wodini, hoi kwa homa. Kwinini nilimpa mimi kwa mkono wangu, na mkongojo ulikuwa chini ya kitanda chake. Halua ile hatukuimaliza. Niliogopa, na mpaka leo naogopa.

Tangu hapo Bwana Gharib anachechemea. Daktari amemgonga goti na kumpima nyonga, hakuona sababu. Mwenyewe husema mazoea yana taabu.

Mkongojo ule tumeutundika ukutani na hapewi mtu. Ahsante, Bwana Gharib, kwa kila aliyesimama kwa kazi ya mikono yako. Mungu akupe umri, afya na raha huko Matondoni. Ila siku utakayopita Mkomani alasiri, tafadhali kohoa.