Mgeni Aliyekuja Kupima Maji Yetu

Kijiwe chetu hapa Griesau ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa nyumba ya wageni ya Nanga, hatua arobaini kutoka mto Danubi. Zamani tulikuwa na meza yetu ndani, karibu na jiko la vigae, lakini mafuriko ya mwaka juzi yaliimeza, sakafu ikang'olewa, na mpaka leo fundi anasema "wiki ijayo". Kwa hiyo Wally, mwenye nyumba, huchemsha kahawa huko ghorofani anakoishi, akaishusha kwenye chupa, na sisi tunainywa nje kama watu waliofukuzwa. Xaver tunamwita Kengele, kwa kuwa alizipiga kengele za kanisa miaka thelathini, hadi zilipofungiwa mtambo wa umeme. Korbinian ni Redio. Alifanya kazi kwenye matishari ya kokoto, na kwa makelele ya injini zile alizoea kusema bila kungoja jibu. Mimi ni Resi. Nilipeleka barua za mji huu miaka thelathini na mmoja, basi jina langu ni Posta. Jumamosi hiyo ya Septemba, saa nne asubuhi, hakuna aliyekuwa na hamu ya neno. Tulikuwa tumechoka. Ule uchovu wa mwaka juzi haujatutoka. Umehamia kwenye mifupa tu.

— Yule amerudi, akasema Kengele.

Tukageuza shingo. Kwenye kona ya ukuta, pale penye mistari ya mafuriko, alisimama mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwembamba, koti la mvua limefungwa kiunoni. Kila mafuriko makubwa yana mstari wake pale na mwaka wake, na wa mwaka juzi ndio wa juu kuliko yote. Mgeni alichomoa futi ya chuma, akapima kutoka chini hadi kwenye mstari huo wa juu, akaandika kwenye daftari. Akapima tena.

— Jana jioni alipima mara tatu, akasema Redio. Nilihesabu.

— Hukuwa na kazi nyingine?

— Kazi gani, Posta? Ukuta wangu unakauka, na mimi naungoja ukauke. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Kengele akavuta kahawa kwa sauti.

— Huyo ni wa idara ya maji. Wanataka kujenga ukuta wa kuzuia mto, na utapita katikati ya kabichi zangu. Mtaniambia.

— Idara gani inamtuma mtu na baiskeli na hema? nikauliza. Nimeliona hema lake kule kwa wapiga makasia.

— Bajeti imekauka.

— Bajeti ya maji imekauka! Redio akacheka peke yake, kisha akaacha. Sikilizeni. Huyo ni mnunuzi. Anataka kuichukua Nanga aigeuze bafu la matajiri, waje wakae kwenye maji ya moto wakitutazama sisi tukitetemeka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake mgeni akifika, mwenyeji anapitia hospitali kwanza.

— Akinunua leo nampa na panya wote bure, akasema Wally. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na chupa magotini, macho kayafumba.

— Bi Wally, usiseme hivyo, akasema Kengele.

— Nisemeje, Xaver? Kila asubuhi naamka nikidhani bado nina unyevu kwenye soksi.

Mgeni alikuwa ameweka kiganja chake bapa juu ya mstari, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

— Nimempata! Redio akapiga goti. Ametumwa na watu wa Stettham!

Stettham ni mji wa ng'ambo, na tangu maji yashuke wanadai mstari wao unazidi wetu kwa vidole viwili.

— Wamemleta huyu achukue vipimo, akaendelea. Akishapata, wanakuja kuushusha mstari wetu. Asiyekubali kushindwa si mshindani!

— Sasa hapo aliyeshindwa ni nani? nikamwuliza. Wote tulizama.

— Sisi tulizama zaidi. Ile ni heshima, Posta, watu hawaelewi.

— Acha kamba, bwana wee, akasema Kengele. Mimi nawaambia, yule anapima jeneza. Jeneza la mji mzima. Mto ukija tena wanatufunika hivi hivi tulivyokaa, na vikombe mkononi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba inaingiaje hapo?

— Kwani mto uliingiaje kwako? Si haba na haba, chini ya mlango?

Ndivyo ulivyoingia kwangu.

— Wazee, akasema Wally bila kufumbua macho, si mumwulize mwenyewe?

— Amwulize Posta, akasema Redio, ndiye fundi wa kubisha hodi.

Lakini sikuhitaji kuinuka. Mgeni alikunja futi yake, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi. Akatusalimu kwa ile salamu fupi ya watu wa pwani ya kaskazini, ambayo wao huitumia asubuhi, mchana na jioni bila kuibadilisha. Akasema anaitwa Onno Harms, na amekuja kwa baiskeli akifuata mto kutoka juu.

— Samahani kuwakatiza. Wakati wa mafuriko mlikuwa hapa?

— Tulikuwa hapa mpaka shingoni, akasema Redio.

— Binti yangu naye alikuwa hapa. Imke. Alikuja na vijana wa kujitolea kutoka kwetu, mabasi mawili. Walijaza viroba vya mchanga siku tisa. Je, kuna kati yenu anayemkumbuka?

Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Walikuwa vijana wapata mia tatu, kutoka kila upande, na baada ya siku mbili wote walikuwa na rangi moja, rangi ya tope. Walisimama mstari mmoja kuanzia ngazi za kanisa hadi mtoni, wakirushiana viroba. Nilipita mbele yao mara ngapi? Sikuona uso hata mmoja. Nilikuwa natazama maji.

— Mbona hujaja naye mwenyewe? akauliza Wally.

— Amefariki. Februari. Maradhi ya damu. Yalimchukua miezi minne.

Kengele alivua kofia. Wally alifumbua macho. Na Redio, ambaye hajawahi kuuachia ukimya ukae, akainuka nusu.

— Imke! Namkumbuka sana, bwana! Yule binti mrefu! Alikuwa anabeba viroba viwili viwili, mabega kama ya mwanamume! Nilimwambia, dada, pumzika, akakataa. Mrefu kweli kweli!

Bwana Harms alimtazama kwa upole. Akanyoosha mkono, akaugusisha kifuani pake, chini kidogo ya kola.

— Alikuwa ananifika hapa.

Redio akabaki vile vile, nusu amekaa nusu amesimama.

— Redio, akasema Kengele polepole. Zima.

Akakaa. Sikumwonea hasira. Nilijua alichotaka kufanya. Hata mimi uongo ulikuwa umenifika ulimini, tofauti ni kwamba wake ulitangulia kutoka. Mtu amefiwa na mwanawe, amepanda baiskeli siku chungu nzima, utamwambia nini?

Wally ndiye aliyesema. Aliweka chupa pembeni, akashuka ngazi, akasimama mbele ya mgeni.

— Simkumbuki binti yako, Bwana Harms. Nilipika supu ya watu mia mbili kila siku kwenye lile jiko la juu, nikawa namimina tu. Vikombe navikumbuka, sura hapana. Nisamehe.

Bwana Harms alishusha pumzi. Nilidhani atalia, lakini mabega yake yalilegea tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

— Nimeuliza watu wanne tangu jana, akasema. Wote walimkumbuka. Wa kwanza akasema alikuwa na nywele ndefu hadi kiunoni. Wa pili akasema alinyoa kipara. Ninyi ndio wa kwanza kunijibu kweli.

Kengele akasogea. Redio naye akasogea. Mgeni akaketi katikati yao na Wally akammiminia kahawa.

— Kwa nini unapima ukuta? nikamwuliza.

— Alinipigia simu akasema, baba, maji ya hapa yangenifunika utosi. Nikamcheka. Nikamwambia unatia chumvi. Bwana Harms akafungua daftari, akasoma taratibu. Mstari uko mita moja na sentimita sitini na mbili. Yeye alikuwa na mita moja na hamsini na nane. Nimepima mara nyingi nikitumaini nimekosea.

Nilitazama vidole vyangu viwili, nikaona hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

— Na kuhusu chumvi, akasema ghafla, akamgeukia Wally, supu hiyo ya madonge ya maini, ulikuwa unaipika wewe?

— Mimi.

— Alisema ilikuwa na chumvi kuliko bahari ya kwetu.

Wally aliganda. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sijakisikia tangu sakafu ing'olewe.

— Ni kweli! Siku ya nne! Sikuwa nimelala, nikatia chumvi, nikasahau, nikatia tena! Hakuna hata mtoto mmoja aliyelalamika! Walikunywa wote!

— Hiyo naikumbuka mimi! akasema Redio, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Haki ya Mungu naikumbuka. Nilikunywa vikombe viwili na midomo ikanipasuka.

— Na mimi, akasema Kengele.

— Yeye alikunywa vitatu, akasema Bwana Harms. Alisema mpishi alikuwa anasinzia akiwa amesimama, akaona haya kumwambia.

Wally akafuta macho kwa aproni. Alikuwa bado anacheka, au alikuwa ameacha, siwezi kusema. Basi tukawa na kitu kimoja cha kweli pale kati yetu, chumvi ya siku ya nne, na tukakaa nacho. Mgeni akauliza viroba vilipangwa wapi, Kengele akamwonyesha kwa kidole. Akauliza walilala wapi, nikamwambia ukumbi wa shule, kwenye magodoro ya mazoezi. Akaandika yote daftarini kwa herufi ndogo.

Kisha akafunga daftari.

— Jambo la mwisho, niwaache mpumzike. Mabasi yalipoondoka, ile siku ya tisa...

Nilisikia aibu ikinipanda kabla hajamaliza. Siku ile mabasi yaliondoka saa kumi alasiri, na wengi wetu tulikuwa kwenye vyumba vya chini tukichota tope kwa makoleo. Hakukuwa na hotuba wala tarumbeta. Hatukuwapa hata mkate wa njiani.

— Hatukuja kuwaaga, akasema Kengele. Sema tu, bwana. Ni haki yako.

— Aliniambia. Alisema mitaa ilikuwa mitupu. Hakulaumu, alisema, baba, wale watu walikuwa wamechoka hadi unawaonea huruma. Lakini alisema palikuwa na mtu mmoja. Mtaa wa kanisa, dirisha la ghorofani. Hakuona uso, aliona mkono tu, umeshika kitambaa cheupe. Mtu huyo alipunga mpaka basi likakata kona. Imke akapunga pia. Hata hospitalini alikuwa anamtaja, yule wetu wa dirishani. Basi nimekuja kumshukuru. Ni nani?

Mtaa wa kanisa naujua mlango kwa mlango. Una madirisha kumi na moja ya ghorofani upande wa barabara, nikaanza kuyapita kichwani kama ninagawa barua. La kwanza, wenyewe walikuwa wamehamia kwa dada yao. La pili na la tatu, familia nzima ilikuwa chini na makoleo. La nne ni la mjane Kreszenz, ambaye hakuweza kushuka ngazi; angeweza kuwa yeye, lakini tulimzika kabla ya Krismasi na hakuwahi kutaja. La tano, la sita. Nilifika la kumi na moja nikiwa sina jina.

La saba ni la Redio.

Wote tulilijua hilo, na wote tulimtazama. Alikuwa na dirisha, alikuwa na mkono, na kitambaa cheupe hakikosekani kwa mtu yeyote. Nani angempinga? Hata Kengele alikuwa anamtazama kama anayemwomba. Redio alifungua kinywa.

— Sijui, akasema. Sikuwa mimi. Mimi nilikuwa nimelala juu ya meza na viatu vyangu. Sijui alikuwa nani.

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Bwana Harms aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa kahawa, akainuka. Sisi pia tukainuka, wote wanne, bila kuulizana. Tukapanda naye mtaa wa kanisa taratibu, maana goti la Kengele halitaki haraka, hadi pale mabasi yalipokatia kona. Ilikuwa karibu saa sita. Mapazia mengine yalikuwa yamefungwa, kwenye dirisha moja palianikwa mto wa kulalia, na mtaani hapakuwa na mtu.

Alisimama katikati ya barabara akatazama juu. Kisha akainua mkono, akalipungia dirisha la kwanza. Akalipungia la pili. Hakuharakisha. Alikwenda hivyo moja moja, la mjane, la Redio, yaliyo wazi na yaliyofungwa, hadi la kumi na moja.