Simu Mbili za Kamishna Whitlow: Risala ya Wakazi wa Bonde la Tacker

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Odessa Whitlow, Kamishna wa Tume ya Mabwawa ya Jimbo, Kapteni wa Zimamoto, Mchungaji wetu, mabibi na mabwana, pamoja na nyinyi mliosimama nje kwa kukosa viti:

Leo ni leo! Sisi wakazi wa Bonde la Tacker tunakukaribisha katika ukumbi wetu wa zimamoto, kwenye karamu yetu ya kila masika ya vitunguu vya mwituni. Harufu utatusamehe. Itakukaa siku mbili tatu, na wenzako huko mjini watajua ulikuwa kwetu hata ukikana. Tena tumesikia ya mlangoni: umekataa sahani ya bure, ukapanga foleni na kulipa kama sisi. Clyde Stalnaker, mkata tiketi, akakwambia, "Lakini mama, wewe si ndiye mgeni wa heshima?" Ukamjibu, "Ndiyo maana nalipa." Habari hiyo imefika jikoni kabla ya sahani yako, na tumeipenda kweli kweli.

HISTORIA YETU NA WEWE

Mwanasheria wako ametuonya kwamba shauri letu la bwawa la mgodi liko mezani kwako, linasikilizwa Jumanne, kwa hiyo tusikutamkie jambo jipya. Sawa. Tutasema yale tu ambayo Tume ilikwisha kuyasoma hadharani.

Yalianza na Verna, mke wa Clyde. Ndiye yule mwenye blauzi ya kijani pale mbele, anayetamani ardhi ipasuke immeze. Wajukuu zake wanasoma shule ya msingi iliyo chini ya bwawa la tope la mgodi; likipasuka, tope lote litaishukia. Mwaka jana mvua ilipopiga wiki nzima, Verna aliitafuta namba yako ya nyumbani. Aliipata kwa binamu wa jirani yako, maana huku kwetu kila kitu hupitia kwa binamu. Akakupigia ukiwa mezani unakula.

"Mama Whitlow, nakuomba, mama kwa mama, lifunge lile bwawa kabla halijatuua!"

Ukamkatiza. Ukamweleza kwamba huruhusiwi kuusikia upande mmoja kwa siri, ukamuaga. Kesho yake ukayasoma maneno yake yote mbele ya Tume, mawakili wa mgodi wakisikiliza.

Loo! Verna alilia kwa hasira. "Roho ya jiwe huyo! Namlilia watoto, yeye ananitangaza kama mwizi wa kuku!" Nasi tukamuunga mkono. Keki tuliyokuwa tumekuandalia tuliila wenyewe, na ilikuwa tamu.

Vuli ilipoingia, gavana naye akakupigia. Alitaka shauri lifutwe kabla halijasikilizwa. Nawe ukamfanyia yale yale: ukamkatiza, ukamuaga, kesho yake ukayasoma maneno yake mbele ya Tume, kwa sauti ile ile uliyosomea maneno ya Verna. Jioni haijafika, ukafukuzwa kazi.

Verna alikuwa anaosha vyombo redio iliposema. Alikaa kitini na mikono yake ya povu. "Kumbe hakuwa ananionea mimi," akasema. Tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kukusema vibaya mbele ya Verna, na waliojaribu wanajijua.

MAFANIKIO

Wiki iliyopita mahakama ilikurudisha! Sheria iliyounda Tume inasema kamishna haondolewi ila kwa kosa, na kosa lako hakuna aliyeweza kulitaja. Tulipiga king'ora cha zimamoto hadi mbwa wa bonde zima wakaitikia. Kapteni anawaomba radhi waliokimbia na ndoo.

CHANGAMOTO

Gavana amekata rufaa. Anasema katiba imempa yeye mamlaka yote ya utendaji, na kwamba asipoweza kumfukuza mtu, hawezi kumwongoza. Swali lake si la kijinga, mgeni rasmi, na nyumbani kwa akina Stalnaker limeleta kasheshe.

"Gavana tulimpigia kura," Clyde alisema. "Huyu mama alichaguliwa na nani?"

"Na refa wa mechi za Ijumaa ulimchagua wewe?" Verna akamuuliza. "Haya, mpe kocha wa timu pinzani ruhusa ya kumfukuza refa mpira ukiendelea, halafu uje unililie hapa."

Clyde alisema bado analifikiria, nasi tunamheshimu kwa hilo.

Changamoto ya pili ilikuwa na kurasa mbili. Mwanasheria wako alizisoma, akatikisa kichwa, tukazifuta. Kwa hiyo msomaji atanyamaza kidogo hapa. Wakati amenyamaza, tunakuomba sana usitazame dirisha la nyuma, linakoonekana bwawa.

Ahsante.

MAOMBI

Ombi letu ni moja, na limetungwa na Verna mwenyewe. Hatukuombi utupendelee. Jumanne wasikilize wahandisi wa mgodi, utusikilize na sisi, kisha uamue. Ukiona bwawa ni bovu, sema. Ukiona ni zima, sema vile vile. Tutanung'unika, tutakuita majina, lakini Jumatano asubuhi tutawavalisha watoto makoti na kuwapeleka shule, kwa sababu aliyetuambia wako salama hakuwa anaogopa kufukuzwa. Akisema hivyo mtu anayeogopa, hatutawapeleka.

Mungu akulinde, mama, akupe usingizi mzuri na njia kavu ya kurudi nyumbani. Amlinde gavana pia, maana naye ni mtoto wa watu.

Ni sisi,
Wakazi wa Bonde la Tacker, juu na chini ya shule