Shida Maduhu, Aliyeisikia Nyundo ya Mayige

Bi. Shida Maduhu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutangaza. Mkurugenzi wetu, Bwana Imrani Faki, alitafuta mfanyakazi wa kuandika wasifu huu akakuta wote wameajiriwa juzi. Aliyekuwepo tangu redio inafunguliwa ni mimi, ninayepika chai na maandazi hapa getini. Kwamba mimi ndiye mama yake mzazi haikuwa sababu, ila haikuharibu kitu. Nimeishia darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha chuo avumilie mpaka hotuba ya mkurugenzi.

Alizaliwa Nkololo, mwaka ambao mahindi yalikauka shambani, ndiyo maana anaitwa Shida. Siku hiyo hiyo alilia mpaka jirani wa ng'ambo ya mto akaja kuuliza kuna nini. Nikajua huyu atakula kwa sauti yake. Wenzangu nao walizaa watoto wazuri, sikatai.

Kazi aliianzia juu ya gari la matangazo, akizunguka Kasoli na vijiji vyake na kipaza sauti. Alitangaza kufunguliwa kwa msimu wa pamba, misiba na ng'ombe waliopotea. Mara moja alitangaza msiba kwa sauti ile ya kufungua msimu wa pamba, na wafiwa wakapata watu wengi kuliko walivyopikia. Redio ilipofunguliwa hapa Bariadi, yeye ndiye aliyesema neno la kwanza hewani. Lilikuwa "Ng'wangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na mitaa yote ikaitikia. Mimi niliitikia nikiwa nimesimama.

Miaka miwili iliyopita vijana wakaleta podikasti, yaani kipindi ambacho mtu anakisikiliza kwenye simu muda anaotaka mwenyewe, hata akiwa anakamua ng'ombe. Wakasema huko mijini podikasti zinazopendwa ni za mauaji. Bi. Shida akapewa mauaji.

Yalikuwa ya kwetu. Bibi Mbuke, mjane wa Nkololo, alikatwa mapanga usiku nyumbani kwake na aliyemkata hakujulikana. Wapo waliosema ni kwa sababu ya macho yake mekundu, eti ya mchawi. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama yangu. Sehemu ya kwanza Bi. Shida aliitumia yote kueleza huyo bibi alikuwa nani: karanga zake, ukali wake kwa mbuzi za watu, na wajukuu aliowasomesha. Joakim, kijana wetu wa kuhariri sauti, aliweka ngurumo na bundi. Bi. Shida akavitoa, maana kilikuwa kiangazi na hakuna shahidi aliyetaja bundi.

"Bi. Shida, bila bundi watu watazima," Joakim akamwambia.

"Wazime."

Hawakuzima.

Sehemu ya pili ilihusu yowe. Kwetu yowe likipigwa unatoka na fimbo yako, hata kama una malaria. Asiyetoka anaulizwa. Usiku ule Nkololo yote ilitoka isipokuwa mtu mmoja. Kipindi hakikumtaja jina. Kilisema tu kwamba ni mchuuzi wa ng'ombe, ameezeka bati jipya, anakaa karibu na kisima cha pili na anaongea sana. Watu wakamjua kabla tangazo la sabuni halijaanza. Alikuwa Mayige.

Kijiji kikakaa kikao, kikamtenga. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa mke wake Elizabeth moto wala zamu kisimani. Vijana wakaanza kuongea habari za kiberiti na hiyo nyumba ya bati.

Huku redioni simu hazikukatika: taja jina, taja jina! Bwana Imrani, ambaye hajawahi kupata wasikilizaji wengi namna ile, akaona sehemu ya tatu itaje. Mwanangu akamjibu, "Bosi, nimemsikiliza kila mtu ila yeye."

Wakaenda na Joakim. Walipomuuliza Mayige alikuwa wapi usiku ule, aliwaeleza bei ya madume. Walipouliza tena, akahamia kwenye majike. Joakim akasema huyu anakwepa, na rekodi tunayo. Mtu mwingine angerudi mjini kuweka bundi. Bi. Shida alitaka kwanza kujua kama yowe la kwa Mbuke linafika kwa Mayige.

Akamwomba mwenyekiti wa kitongoji awatangazie watu kwamba kesho mchana litapigwa yowe la redio, mtu asije. Mwenyekiti akatangaza vizuri sana. Kesho yake mama mmoja mwenye kifua akapiga yowe pale kwa marehemu, na watu wakaja wote. Walikuja na fimbo na marungu, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Mwenyekiti mwenyewe alifika wa tatu. Alipoulizwa, akasema yowe huwezi kulijadili ukiwa umekaa.

Bi. Shida alikuwa amesimama na kinasa sauti kwenye ua wa Mayige. Mayige yuko uani, amewapa mgongo, anagonga jembe lake la kukokotwa na ng'ombe. Watu wanapita mbio nje wakimwita mwanangu mama kwa Kisukuma: "Umeona, mayu? Hata leo haji! Muuaji huyo!" Nyundo inaendelea. Mwanangu akaingia taratibu, akachukua sufuria la Elizabeth, akaliangusha chini nyuma yake. Kuku waliruka. Mbwa alikimbia. Nyundo ikaendelea.

Elizabeth akatoka jikoni, akakaa chini akalia. Akasema ni homa, miaka minne sasa, ilimchukua mumewe masikio yote mawili. Mchuuzi kiziwi mnadani anapunjwa mchana kweupe, kwa hiyo walificha. Mayige akajifunza kuongea bila kupumzika, maana anayeongea haulizwi. Watu wakadhani ni maringo. Usiku kukiwa na jambo, mke humgusa bega. Usiku wa Mbuke Elizabeth mwenyewe alikuwa Binza, kule Maswa, kwa binti yao aliyejifungua. Hapakuwa na wa kumgusa.

Wengine wangeirusha hiyo jioni ile ile. Bi. Shida aliwauliza kwanza kama siri yao inaweza kutoka. Elizabeth akamweleza mumewe kwa mikono. Mayige akafikiri, kisha akajibu kwa sauti iliyofika kisimani: "Kupunjwa ng'ombe ni afadhali kuliko kuchomwa."

Sehemu ya tatu haikuwa na muziki. Ilikuwa na yowe, miguu ya watu, mbwa, maneno ya wapita njia, na katikati yake nyundo: ko, ko, ko, bila kukosea pigo. Baada ya hapo mwanangu akasema kwa mdomo wake kwamba sehemu ya pili ilimnyooshea mtu kidole kabla ya kumwuliza, na ameiondoa. Waliifungulia spika kubwa mnadani Nkololo. Mimi nilikuwepo. Wanaume waliokuwa wanapatana bei waliacha ng'ombe wakasogelea spika, na wale vijana wa kiberiti wakawa wanaangalia kwato za ng'ombe.

Wiki hiyo kijiji kilikaa kikao tena. Kwetu aliyetengwa hajarudishwa mpaka watu wale kwake, basi wakaenda na unga na kitoweo, wakala kwa Mayige mpaka jioni. Siku hizi yowe likipigwa, anayepita hapo anaingia kumgusa bega. Kesi ya Bibi Mbuke iko mahakamani na mwanangu amenikataza kuandika majina. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba waliokamatwa wote walikuja kwenye yowe, na mapema.

Wasikilizaji wengine walilalamika kwamba mwisho wa podikasti haukuwa na muuaji. Ni kweli. Ulikuwa na Mayige, nyumba yake ikiwa imesimama. Bwana Imrani alihuzunika siku chache, kisha akaweka sheria: hatajwi mtu hewani, kwa jina wala kwa bati lake, kabla hajafuatwa nyumbani kwake. Joakim ndiye anayerithi kipindi. Bundi bado yuko kwenye kompyuta yake, nimemwona.

Kwa niaba ya redio, ya Nkololo, na ya tumbo lililokuzaa, tunasema wabeja, asante. Nenda ukalime karanga, ulale mpaka jua lipande, na simu za redio usipokee. Afya ikufuate. Mjukuu wa kurithi chai yangu getini nimeshamchagua, usiwe na wasiwasi.

Ombi moja kwa wageni. Mayige na Elizabeth wamekaa mstari wa mbele, na makofi hayamfikii. Wasifu huu ukimalizika kusomwa, tuinue mikono yote miwili juu, tumtikisie Bi. Shida, Mayige naye awe wa kwanza kuona.