Sylvère na Majina ya Chini ya Ukurasa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Gihosha, jamaa zetu wa Kanyosha, mimi ni Concilie, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mnamjua alivyokuwa, kila jambo nitataja nimelipata kwa nani, maana nisipofanya hivyo ataona nimemwaibisha.

Marehemu Sylvère Nzohabonayo alizaliwa Kanyosha tarehe 4 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Pierre na mama Epiphanie, mvua ikinyesha, hilo alisema mama. Shule ya msingi alisoma hapo hapo Kanyosha, sekondari akamaliza mwaka 1977, na Septemba 1981 akaanza kufundisha historia hapa mjini, ambako wanafunzi walimpa jina la Nani Kasema, kwa sababu ndilo swali alilouliza kila walipomsomea insha, hilo ameniambia mwalimu mwenzake Astère.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Christa, na siku ya mahari, hapo nilikuwepo mwenyewe, msemaji wa wakwe alipokuwa akisifu ng'ombe ambao eti babu zetu waliwahi kupeana, kama wasemaji wote wanavyopamba, kaka yangu alimwuliza kwa adabu kabisa hilo amelisikia kwa nani, jamani, wazee wakashika vichwa, ikabidi tuongeze pombe ndipo watusamehe. Binti yao Orlane alizaliwa tarehe 3 Februari 1991.

Mwaka huo huo alianza tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya mafundi wa zamani wa Bwiza, akiwahoji vibarazani mwao, na chini ya kila ukurasa aliandika jina la aliyesema, mtaa wake na tarehe. Vita vikaja, na Machi 1995 mzee Massoudi, fundi seremala aliyempa maneno mengi kuliko wote, alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, akamwomba jambo moja tu, jina lake lisifutwe, hilo alinisimulia Sylvère mwenyewe.

Juni 1996 watahini waliisifu kazi, lakini wakasema shahidi asiyepatikana hawezi kuthibitishwa, majina ya waliokimbia yaondolewe, paandikwe mzee mmoja wa Bwiza, ndipo apewe shahada. Nilimsihi akubali, Christa alimsihi, akatujibu, "Mi siwezi kuandika mutu moja alisema. Ana jina." Shahada hakupewa, wala cheo alichokitarajia, na mwaka 1997 Christa alimchukua Orlane wakaenda Nairobi, kwa muda tu, alisema, nao muda ule haujaisha.

Niseme wazi, kaka yangu alikuwa mpweke. Alikula peke yake, aliongea na redio, na mimi kutoka Kanyosha nilikuja Jumapili tu, hali ilipokuwa shwari.

Januari mwaka huu Asiya, binti wa mzee Massoudi, alirudi kutoka Uvira alikomzika baba yake, akaja kumwuliza Sylvère kama kuna chochote kilichobaki, naye akamsomea maneno ya baba yake, kisha jina, mtaa, tarehe, akamsomea tena. Asiya ameketi pale, ndiye aliyenieleza, na anasema siku hiyo Sylvère alicheka.

Aliugua kisukari tangu mwaka 2001, akafariki nyumbani Gihosha usiku wa tarehe 9 Novemba 2004, saa za marufuku ya kutembea, hakuna aliyeweza kumfikia. Alisema nini mwishoni, sijui, hakuna aliyesikia, na kwa kuwa hakutaka tuandike tusichosikia, hapa ninapaacha wazi.

Tunamshukuru daktari Régis, jirani yetu Odette aliyemkuta asubuhi, walimu wenzake, na wote mliobeba jeneza.

Pumzika, kaka, umeshafanya kazi yako. Haya yamesemwa na Concilie, mdogo wako, Gihosha, tarehe 12 Novemba 2004.