Uso wa Kumi na Mbili wa Pani Vasylyna

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, Pani Vasylyna, bibi mwenye siku hii ya maonyesho ya picha zake, ndugu wageni mlioacha ng'ombe bila kukamuliwa mkaja: katika milima hii yote ya Karpati hajapata kuzaliwa, wala mama zenu hawatazaa, fundi wa fremu kama mimi, Ilko. Shule niliiacha darasa la saba; iliyopata hasara ni shule.

Pani Vasylyna huchora kwenye kioo, upande wa nyuma, ili picha itazamwe kwa mbele, kama bibi zetu walivyochora watakatifu. Ila yeye hujichora mwenyewe, uso mmoja kila mwaka. Nikamuuliza, "Pani, hujachoka kujichora?"

"We kinyozi wa mbao," akanijibu, "umewahi kuutazama uso wako mpaka ukawa wa mgeni?"

Nilijaribu. Uji wangu wa mahindi na jibini ukaungua, na yule kijana mzuri wa kiooni bado simjui. Nani hapa anajijua? Pani huanza na mikunjo na kope, maana kinachotangulia ndicho kitakachoonekana mbele; ngozi hufuata baadaye. Na lile kovu lake la shavuni, ambalo kioo cha kujitazamia humwonyesha kinyume, akishageuza mchoro hukaa pale tunapoliona sisi. "Ndipo nakutana na yule mnayemsalimia barabarani," alisema. Je, si ajabu mtu kutembea miaka kumi na miwili ili ajifikie?

Nyuso kumi na moja mmeziona. Wa kumi na mbili ndio huu uliofunikwa. Alijichora kipara, baada ya ugonjwa kummaliza nywele. Aliniambia, "Ilko, mwaka mzima sikuthubutu kujitazama. Uso huu ndio ulionirudisha. Ukiuvunja, sina mwingine."

Nikacheka: "Pani! Mimi nivunje?"

Wala sikuvunja. Mwenyekiti, kitambaa usikivute kwanza.

Fundi hodari husafisha kioo kwa siki, pande zote mbili, kabla ya kukitia fremu. Nilikikuta mezani kwake kimelazwa kifudifudi, rangi mbichi. Kwa nyuma niliona matope matope tu, nikadhani ni uchafu wa kufutia brashi. Nikasugua vizuri, si mnanijua.

Fremu yenyewe ni nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Pani Vasylyna, ndani yake hamna kitu. Nimekufuta mimi.