Pamba za Soketi

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, ubavuni mwa karakana ya fundi umeme, na mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo kila asubuhi. Wote wananiita Shangazi, hata Mzee Stempu aliyenizidi miaka kumi na aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu. Wengine ni Upara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja wa kwake. Da' Pindo, fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara. Na Soketi, mwenye karakana, anayetengeneza pasi, feni na chochote chenye waya. Juzi jioni tamthilia ya safari za angani, "Mzingo wa Tisa", ilirudi kwenye televisheni baada ya miaka kumi na mmoja. Zamani iliishia pale Nahodha alipoufunga mlango wa chombo chake, kikatokomea gizani, na watu wakabaki wanatazamana. Sasa mtaa mzima ulikuwa umeangalia kipindi cha kwanza, isipokuwa Soketi. Yeye na mkewe waliahidiana kwamba hakuna atakayeangalia bila mwenzake, na mkewe yuko nchi ya mbali, anamtunza bibi mmoja mgonjwa, mwaka wa tatu huu.

Leo asubuhi Soketi alitokea na pamba masikioni.

— Zungumzeni tu, alisema akikaa. — Mimi sisikii kitu.

— Husikii kabisa? Upara akamuuliza.

— Kabisa.

— Sasa mbona umejibu?

— Nimekusoma midomo. Huo mdomo wako hata kipofu anausoma.

Tukacheka. Nikammiminia kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili, akageuza uso upande wa barabara. Da' Pindo alimkagua kidogo, alipoona ametulia akashindwa kujizuia. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu juzi.

— Yule mtoto wa kike, alianza kwa sauti ya chini. — Yule anayesimama mlangoni mwishoni kabisa, Nahodha anapozinduka, akamwita "Baba". Mmeangalia gauni lake?

— Nani aangalie gauni wakati watu wanalia? alisema Upara.

— Mimi nililia nikiangalia gauni. Kitambaa kile ni koti la zamani la Nahodha. Limekatwa, likageuzwa. Na pindo limeteremshwa mara tatu, mistari ya uzi inaonekana. Maana yake mtoto amekulia humo humo chomboni, na kila akirefuka kuna mtu anafumua na kushona upya. Kuna mama humo ndani. Wamemficha tu.

— Hakuna mama, Upara akamkata. — Sikilizeni mtu anayejua vichwa. Nahodha amelala miaka kumi na mmoja, sawa? Angezinduka na nywele mpaka kiunoni. Lakini kisogo chake kimenyolewa, tena juzijuzi, tena vibaya, upande wa kushoto kuna ngazi, nywele zimepishana urefu. Ile ni kazi ya mtoto. Yeye ndiye amekuwa akimnyoa baba yake usingizini.

— Mtoto wa miaka kumi ashike wembe?

— Ndiyo maana kuna ngazi.

Mzee Stempu aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini huwa tunajua safari itakuwa ndefu.

— Nyinyi mnaangalia nguo na nywele, alisema. — Mimi nimepanga barua miaka thelathini na minne. Kumbukeni kipindi cha mwisho cha zamani. Nahodha anatuma ujumbe nyumbani, unasema "Nijibuni", halafu mlango unafungwa. Ujumbe unakwenda miaka mitano na nusu, jibu linarudi miaka mitano na nusu. Jumlisheni.

— Kumi na mmoja, alisema Da' Pindo.

— Kumi na mmoja! Yule si mtoto, jamani. Yule ndiye jibu lenyewe. Huko nyumbani waliona maneno hayatoshi, wakatuma mtu.

Hata mimi, mwenye kazi ya kumimina tu, nilisimamisha birika hewani.

— Mzee, wewe umeharibikiwa, alisema Upara, lakini kwa upole. — Basi ngoja nami niseme langu lote. Chombo hakijawahi kuondoka. Kipo ardhini siku zote, kwenye bohari fulani. Nahodha anadhani yuko mbali, kumbe familia yake iko nyuma ya ukuta. Ushahidi ni taa ya pale mlangoni. Ile nyekundu. Chombo kikiwa angani taa inakuwa ya kijani, kikiwa ardhini nyekundu.

— Ilikuwa ya kijani, alisema Mzee Stempu.

— Nyekundu!

— Kijani, na miwani nilivaa!

— Da' Pindo, sema wewe unayejua rangi.

— Mimi nilikuwa kwenye gauni.

— Nyekundu, naapa, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka…

— Ilikuwa buluu, alisema Soketi. — Tena ilikuwa inawaka na kuzima, kama waya umelegea.

Sote tukamgeukia. Soketi mwenyewe alikuwa bado anaangalia barabarani, kisha nikaona masikio yake, pamba zikiwa bado ndani, yakibadilika rangi. Akazichomoa pamba, moja, halafu ya pili, akaziweka kwenye kiganja kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

— Shemeji yangu, alisema Da' Pindo polepole. — Umeangalia.

— Sikukusudia.

— Mtu haangalii saa nzima bila kukusudia.

— Nisikilizeni kwanza. Nilitaka kusikia ule muziki wa mwanzo tu. Zamani muziki ule ukianza, mke wangu hata awe na chungu jikoni atakuja mbio, mikono inachuruzika maji, halafu anajifuta kwenye shati langu. Taulo lipo, halioni. Shati langu! Miaka yote nilikuwa nagomba naye kwa hilo. Juzi nikasema nitawasha, nisikie muziki, nizime. Basi muziki ukaisha, na shati langu kavu.

Alikunywa kahawa. Sidhani kama aliionja.

— Nikashindwa kuzima, akaendelea. — Na yeye hawezi kuangalia kimya, mnamjua. "Huyu nani? Huyu si alikufa? Mbona hawamwambii?" Juzi nikajikuta naangalia huku najibu. Huyu ni yule msaidizi, amenenepa tu. Hapana, hakufa, alipotea tu. Najibu kwa sauti, peke yangu, sebule nzima.

— Sasa mwambie, alisema Upara. — Shemeji ni mtu mzima, atanuna siku mbili.

— Ngoja. Leo alfajiri kapiga simu. Akaniuliza, "Hujaangalia?" Nikasema sijaangalia. Akasema, "Wala mimi." Halafu akasema, "Na wakisimulia hapo benchini, usije ukaniambia yule mtoto ni nani."

Da' Pindo akashika mdomo.

— Pengine alimwona kwenye tangazo, alisema Mzee Stempu.

— Tangazo nimeliangalia mara ishirini, Mzee. Hakuna mtoto. Mtoto anatokea dakika ya mwisho. Ameangalia. Yule bibi amelala chumba cha pili, na mke wangu kaangalia kwenye simu, kapunguza sauti, peke yake.

— Ukakasirika?

— Kukasirika? Nilitamani nimuulize alilia wapi.

— Na hukumuuliza.

— Ningemuulizaje, Da' Pindo? Zamani tulikuwa na mengi. Tunapanga nyumba, tunagombana rangi ya pazia, nani atakwenda kwa mama yake nani. Sasa kila simu ni umekula, nimekula, huku baridi, huku jua. Kitu kimoja tu tulikuwa bado tunakifanya pamoja: kutoangalia. Nikimwambia nimeangalia, naye akaniambia ameangalia, tumebaki na nini?

Upara, ambaye ana neno kwa kila jambo, alichukua kitambaa chake cha kazi akaanza kukikunja. Mzee Stempu alivua miwani. Mimi nilijifanya napuliza jiko ilhali moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Ndipo nikamwona mama mmoja amesimama mlangoni mwa karakana, mgeni kwetu, kashika pasi ndani ya mfuko wa karatasi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

— Samahani jamani, alisema. — Nilikuwa namngoja fundi, nikasikia bila kutaka. Kwani huyo mke anarudi lini?

Ni swali la kawaida kabisa. Mtu yeyote angeuliza. Nikamtazama Upara amjibu, Upara akamtazama Da' Pindo, na Da' Pindo akanitazama mimi. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunamuuliza Soketi, naye anasema mwakani. Mwaka wa pili akasema karibuni. Baada ya hapo tukaacha. Tulidhani tunamhurumia.

— Sijui, alisema Soketi. — Sijawahi kumuuliza wazi. Naogopa ataona namsukuma, na kazi yenyewe anaifanya kwa ajili yetu wote. Yeye naye hataji habari za kurudi kamwe.

— Basi mimi nitarudi baadaye, alisema yule mama, kaona haya.

— Hapana, mama, kaa. Dakika moja tu.

Da' Pindo akamsogelea Upara, yule mama akapata nafasi. Soketi akaingia karakana, hakufunga mlango. Tulimsikia akipiga simu, tukasikia akikohoa.

— Ni mimi… Hapana, hakuna aliyekufa, tulia… Nimeangalia. Ndiyo, chote, mpaka mwisho. Na wewe pia… Usibishe, umemtaja mtoto!

Akacheka, na cheko lake likakatika njiani. Upara akanyoosha mkono dirishani akazima redio ya dukani. Barabarani gari la taka lilipita, tukalichukia sote mpaka likakunja kona.

— Unarudi lini? aliuliza Soketi.

Halafu hatukusikia kitu. Kahawa ya Mzee Stempu ilipoa mkononi. Mara mbili tulimsikia Soketi akisema "ndiyo", mara moja "najua", kisha mambo mengine kwa sauti ya chini ambayo hayakuwa yetu, nami nikajishughulisha na vikombe.

Alitoka macho mekundu. Alisimama mbele yetu, hajui mikono aiweke wapi.

— Hajui, alisema. — Yule bibi hawezi kuachwa, na watoto wake hawajapata mtu mwingine. Mimi nilikuwa nawaambia nyinyi karibuni, yeye leo kasema hajui. Akalia. Mimi nami…

— Pole, baba, nilimwambia.

— Asante, Shangazi. Lakini si pole tupu. Anasema alikuwa anangoja nimuulize. Alidhani nimezoea, ndiyo maana siulizi. Kaniomba nimuulize kila Jumapili, hata kama jibu litakuwa lile lile.

Da' Pindo alimvuta mkono akamkalisha. Yule mama aliweka pasi yake chini, kati ya miguu, wala hakuikumbusha. Nikainua birika nimmiminie Soketi kikombe cha moto, likaja juu jepesi. Ndani mlikuwa na masimbi ya kahawa tu. Nikawaambia kahawa imekwisha.

Hakuna aliyenyanyuka.